Sauti Iliyofunikwa: Video za Kijerumani na Mwanafunzi wa Kolwezi wa Kiwango cha Kati

Miongoni mwa ushauri anaopewa mwanafunzi wa Kijerumani aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo, hakuna unaorudiwa kuliko huu: aache vitabu vya mazoezi, atazame video halisi. Neno "halisi" hapa aghalabu huwa na maana ya video ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi, kama vile taarifa ya habari, mahojiano ya barabarani, filamu ya hali halisi au mjadala wa televisheni. Hoja inayotolewa ni kwamba kitabu humfundisha mtu lugha ambayo hakuna aisemaye, ilhali video humpeleka moja kwa moja kwa wenye lugha. Makala haya yanakusudia kuuchunguza ushauri huo kutoka mahali ambapo watoaji wake hawakupafikiria, yaani Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, katika ukanda wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kolwezi haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo hutoka Lualaba. Tangu madini hayo yalipoanza kutafutwa kwa pupa kwa ajili ya betri za simu na za magari ya umeme, na hasa baada ya ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 kuhusu kazi za watoto machimboni, wapigapicha wa televisheni za Ulaya wamekuwa wakifika mjini humo mara kwa mara, Wajerumani wakiwemo. Mwaka 2019 shirika la GIZ lilianza kutekeleza karibu na Kolwezi mradi uliofadhiliwa na makampuni kadhaa, BMW na BASF yakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi anayefungua video ya Kijerumani aweza kukutana humo na jambo ambalo mwanafunzi wa Nairobi au wa Dar es Salaam hakutani nalo kwa urahisi: mtaa wake mwenyewe, na watu wa kwao wakisema Kiswahili chao, huku sauti ya Mjerumani ikiwa imewekwa juu ya sauti zao. Je, video ya namna hiyo ni halisi? Na kama ni halisi, ni kwa nani?

Dhana ya uhalisi

Wataalamu wa ufundishaji wameijadili dhana hii tangu miaka ya 1970. H. G. Widdowson alitofautisha mapema mambo mawili ambayo watu wengi hadi leo huyachanganya. Kuna sifa ya matini yenyewe, kwamba imetoka kwa wenye lugha na ilikusudiwa wenye lugha. Na kuna uhusiano kati ya matini na msomaji au msikilizaji, yaani kama anaipokea na kuijibu kwa namna iliyokusudiwa. Kwa mujibu wa tofauti hiyo, taarifa ya habari ya Tagesschau ni matini ya kweli kwa kila hali, lakini haiwi halisi kwa mtu anayeisikiliza ili kuhesabu vitenzi vilivyowekwa mwisho wa sentensi. Stephen Krashen naye, kwa njia nyingine, alidai kuwa lugha hupatikana pale tu msikilizaji anapoelewa kile asikiacho, hata kama kimezidi kidogo kiwango chake. Hoja hizi mbili zikiwekwa pamoja, ushauri wa "tazama video halisi" unapungukiwa na nusu yake, kwa sababu hausemi ni video gani iliyo halisi kwa yule anayeshauriwa.

Upungufu huo unaonekana vizuri katika vipimo vya viwango vya lugha vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Mtu wa kiwango cha B1 hutarajiwa kuelewa mambo makuu ya usemi ulio wazi na sanifu kuhusu mambo aliyoyazoea kazini, shuleni na wakati wa mapumziko. Neno lililobeba mzigo wote hapa ni "aliyoyazoea". Aliyezoea ni nani? Video zinazopendekezwa kwa kiwango hiki huchukulia kwamba mtazamaji amezoea kutenganisha takataka katika mapipa ya rangi mbalimbali, kugombana na mwenye nyumba kuhusu kodi ya joto la chumba, na kungoja treni iliyochelewa. Mambo hayo ni ya kweli kabisa Ujerumani. Kwa mtu wa Musonoi au Kapata, ni mambo ambayo lazima kwanza aelezwe, na anapoyasikiliza hutumia nguvu zake kuuelewa ulimwengu kabla hajafika kwenye lugha.

Tamthilia ya Deutsche Welle iitwayo "Jojo sucht das Glück", iliyotengenezwa kwa wanafunzi wa B1 na B2, hujaribu kuliepuka tatizo hili kwa kumtumia mhusika mgeni, msichana kutoka Brazil anayefika Köln. Ni kazi nzuri ya kufundishia, lakini si halisi kwa maana inayodaiwa, kwa kuwa kila sentensi ndani yake imepimwa. Taarifa ya habari inayosomwa polepole na shirika hilohilo ina habari za kweli lakini mwendo wake si wa mtu yeyote anayesema. Mahojiano ya barabarani ya Easy German yana watu wanaosema kweli, kwa mwendo wao. Hata hivyo maandishi yaliyo chini ya picha ni ya Kijerumani na Kiingereza, na mwanafunzi wa Kolwezi, ambaye lugha yake ya shule ni Kifaransa, hujikuta amepewa daraja linaloelekea ng'ambo isiyo yake. Jambo hili laonekana dogo. Kwa anayejifunza peke yake usiku, akiwa na simu na vifurushi vya intaneti vya kuhesabu, si dogo hata kidogo.

Kwa upande huo kituo cha ARTE, kilichoanza kurusha matangazo Mei 1992 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Ujerumani, kingefaa kutajwa zaidi kuliko kinavyotajwa. Vipindi vyake hutolewa kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, na mwanafunzi wa Kongo aweza kuangalia filamu moja mara mbili, akianza na lugha aijuayo. Wolfgang Butzkamm wa Aachen alidai tangu mwaka 1973 kwamba kuifukuza darasani lugha ambayo mwanafunzi anaijua tayari ni hasara tupu. Kwa Kolwezi hoja yake yahitaji kupanuliwa, maana lugha anazozijua mwanafunzi ni mbili au tatu, na zinafanya kazi tofauti.

Sauti juu ya sauti

Televisheni ya Ujerumani huwa na njia tatu za kumshughulikia msemaji wa lugha ya kigeni. Katika filamu za kuigiza, sauti yake huondolewa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na sauti ya mwigizaji wa Kijerumani. Katika baadhi ya filamu, hasa za maonyesho maalumu, maneno yake huandikwa chini ya picha. Lakini katika habari na filamu za hali halisi, njia iliyo maarufu ni ya tatu: msemaji huachwa aanze, asikike kwa sekunde moja au mbili, kisha sauti yake hushushwa na sauti ya msomaji wa Kijerumani hupanda juu yake. Mwishoni, ikiwa msomaji amemaliza mapema, maneno machache ya msemaji hujitokeza tena kabla picha haijakatwa.

Mtazamaji wa Hamburg hausikii mwanzo na mwisho huo ila kama ushahidi kwamba mtu fulani alisema jambo fulani. Mtazamaji wa Kolwezi husikia zaidi. Anasikia Kiswahili kilichoko chini, na ikiwa sauti haikushushwa mno, aweza kukifuata hadi mwisho. Kwa maneno mengine, mbele yake imefunguliwa matini ya lugha mbili inayosemwa kwa wakati mmoja, na yeye ndiye mtu pekee ambaye matini hiyo imemwia wazi pande zote. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kumpa kitu cha namna hiyo. Kwa kiwango cha kati faida yake ni kubwa, kwa sababu maana tayari anayo: kuhusu shimo lililoporomoka, mnunuzi anayepunja mizani katika soko la Musompo, bei iliyoshuka kwa wiki moja, hahitaji maelezo. Kilichobaki ni kuona jinsi Kijerumani kinavyoyasema. Maneno kama "Kleinschürfer", "Rohstoff" na "Lieferkette" humwingia kwa haraka kuliko msamiati wa mapipa ya takataka. Hata jina refu la sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, "Lieferkettensorgfaltspflichtengesetz", ambalo humtisha mwanafunzi yeyote, huwa kwake si mchezo wa ulimi. Ni sheria inayohusu wajibu wa makampuni juu ya mahali zinapotoka bidhaa zao, na mahali pamojawapo ni nyuma ya nyumba yake.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hukumu, nayo yaunga mkono video hizi. Nusu ya pili inapinga.

Kwanza, Kijerumani kinachosikika si usemi wa mtu. Kimeandikwa mezani na kusomwa studioni, na msomaji hana anayemjibu. Pili, kimefuata njia ndefu. Mara nyingi mwandishi wa kigeni humhoji mchimbaji kupitia mkalimani wa hapohapo, naye humfasiria kwa Kifaransa. Kijerumani hutengenezwa baadaye kutokana na Kifaransa hicho. Mwanafunzi anayedhani anasikiliza tafsiri ya Kiswahili huenda anasikiliza tafsiri ya tafsiri. Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwa upande wa lugha, kinachopotea njiani si maneno ya yaliyomo. Yale ya "kobalti", "mtoto", "fedha" na "kifo" hufika salama. Yanayopotea ni maneno madogo yanayoonyesha msemaji ana msimamo gani juu ya anachokisema na juu ya anayeambiwa.

Vijineno

Kiswahili cha ukanda wa shaba kimechunguzwa kwa kina kuliko aina nyingi za Kiswahili zisizo sanifu. Sifa zake kadhaa zinajulikana: kiambishi ba- mahali pa wa-, kiishio -aka cha mazoea, na neno "njo", ndugu wa "ndiyo" na "ndio", ambalo husisitiza sehemu fulani ya sentensi. Vincent de Rooij, Mholanzi aliyechunguza mazungumzo ya Shaba katika miaka ya 1990, alionyesha pia kwamba viunganishi vya Kifaransa kama "mais", "donc" na "puisque" havichomekwi ovyo katika usemi huo. Kwa kuwa ni vya lugha nyingine, husikika waziwazi, na kwa hiyo hufaa kumwonyesha msikilizaji mahali hoja inapogeuka.

Uchukuliwe mfano huu wa kutunga, unaofuata kanuni hizo:

Siye njo tunachimbaka, mais bale njo banakulaka falanga.

Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa: "Sisi ndio tunaochimba, lakini wale ndio wanaokula fedha." Sentensi ina pande mbili zinazopigana, siye na bale, kila upande umesimamishwa juu ya "njo" yake, na "mais" imewekwa katikati kama ukuta. Tafsiri ya studioni ingekuwa, kwa uwezekano mkubwa, hivi: "Wir graben, aber das Geld bekommen andere." Kisarufi haina kosa. Maana yake ni sahihi. Lakini aliyesema Kiswahili alikuwa anashtaki, na aliyesoma Kijerumani anaarifu.

Jambo la ajabu ni kwamba Kijerumani hakina upungufu wowote wa vyombo vya kufanyia kazi hiyo. Kinavyo vingi mno, na ndivyo vinavyomshinda mwanafunzi wa kiwango cha kati: "ja", "doch", "halt", "eben", "schon", "mal". Kitabu huvitaja katika ukurasa mmoja na kuendelea. Kamusi hutoa maana tano kwa kila kimoja, na zote hazitoshi. Mtu hawezi kuvijua ila kwa kuvisikia vikitumiwa na mtu mwenye jambo la kumwambia mtu mwingine. Mjerumani anayezungumza jikoni angeweza kusema: "Graben tun wir ja, aber die Kohle kriegen halt die anderen." Hapo kitenzi kimetangulizwa ili kisisitizwe, kazi ambayo "njo" imefanya kwa njia yake, "ja" yamwambia msikilizaji kwamba jambo hili analijua tayari, "halt" yasema kwamba ndivyo ilivyo na hakuna la kufanya. Hicho cha mwisho, ikumbukwe, kingekuwa kosa katika tafsiri ya mchimbaji aliyetajwa juu, kwa kuwa yeye hakukubali kwamba hakuna la kufanya. Kuchagua kati ya "halt" na kukiacha ni kuamua kama mchimbaji amekata tamaa au amekasirika.

Hivyo basi, video ambayo ingempa mwanafunzi wa Kolwezi msaada mkubwa zaidi wa maana ndiyo hiyohiyo inayomnyima kile ambacho kiwango cha kati hukitafuta katika video halisi. Video za Kijerumani zinazoonyesha Kolwezi zina Kijerumani kisicho na vijineno; video zenye vijineno zinaonyesha treni zilizochelewa. Wanaoshauri wanafunzi kwa jumla bila kutofautisha aina za video hawajaligusa tatizo hili. Wala tatizo hilo halitatuliwi kwa kutazama saa nyingi zaidi.

Bottrop

Ikiwa kinachotakiwa ni mambo aliyoyazoea mwanafunzi pamoja na Wajerumani wanaosema wao kwa wao, basi pa kutafuta si Kolwezi ndani ya televisheni ya Ujerumani. Panapofaa ni migodini mwa Wajerumani wenyewe. Tarehe 21 Desemba 2018, huko Bottrop katika bonde la Ruhr, mgodi wa Prosper-Haniel, wa mwisho wa makaa magumu nchini Ujerumani, ulifungwa. Wachimbaji walipanda juu na kumkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier kipande cha mwisho cha makaa. Sherehe hiyo ilionyeshwa na televisheni, na kuizunguka kulirekodiwa mahojiano mengi na wazee wa migodi, wake zao, wenye maduka na mapadri.

Kwa mwanafunzi aliyekulia Kolwezi, mahojiano ya aina hii hayahitaji utangulizi. Mji wake ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, iliyojenga nyumba, shule na hospitali, na kugawa posho. Baadaye Gécamines ikarithi yote. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa, kwa lugha ya makaratasi, wa kuondoka kwa hiari. Wazee wengi wa mji huo walipitia hayo, na watoto wao wameyasikia mezani. Anapomsikia mzee wa Ruhr akisema kwamba zamani kampuni ilikuwa baba na mama, anaelewa kabla kitenzi hakijafika mwisho wa sentensi. Tofauti ataziona mwenyewe, na zitamsumbua: wale wa Bottrop walifungiwa mgodi kwa mpango wa miaka mingi, wakiwa na malipo ya uzeeni na Rais amesimama kando. Kusumbuliwa huko ni sehemu ya uhalisi ambao Widdowson aliuzungumzia, yaani msikilizaji kuijibu matini.

Kwa upande wa lugha, Ruhr ina faida nyingine. Usemi wa wenyeji wake si Kijerumani cha Tagesschau. Husema "dat" na "wat" mahali pa "das" na "was", mwenzao wa kazi ni "Kumpel", na kazi ngumu ni "Maloche", neno lililoingia kutoka Kiyidi. "Kohle" ni makaa, na ni fedha pia. Bonde hilo lilijazwa na watu waliotoka mbali, Wapolandi wakiwa wengi mwishoni mwa karne ya 19, kama vile migodi ya Katanga ilivyowajaza watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda-Urundi. Mwanafunzi ambaye Kiswahili chake mwenyewe kimeitwa kibovu na walimu waliofundishwa kwa vitabu vya pwani, huku watu wote wa mji wake wakikisema, hana haja ya kuelezwa kwamba lugha ya migodi ina kanuni zake. Anajua kwamba "batu" si kosa la kusema "watu". Kwa hiyo hatababaika na "dat" kama atakavyobabaika mwanafunzi aliyefundishwa kuwa lugha ni moja na iliyo sahihi ni moja.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba usemi wa Ruhr umezidi kiwango cha B1, na kwamba vipimo vyenyewe vinataja usemi ulio sanifu. Ni kweli kwamba dakika ishirini za mazungumzo hayo zingemzamisha mwanafunzi. Dakika mbili hazimzamishi, zikirudiwa mara kumi. Kwa mji ambao umeme hukatika ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu, juu ya mto huohuo wa Lualaba, dakika mbili zilizohifadhiwa katika simu, hata kama ni sauti tupu bila picha, ndicho kipimo cha somo kinachowezekana. Picha ikishatazamwa mara moja huwa imekwisha kazi yake kubwa.

Njia iliyokwisha kupitwa upande wa pili

Namna ya kuzifanyia kazi dakika hizo mbili haina haja ya kubuniwa upya, maana imekwisha kutumiwa katika ukanda huohuo, kwa mwelekeo wa kinyume. Johannes Fabian, msomi mzaliwa wa Ujerumani, alifika katika miji ya shaba katika miaka ya 1960 kuchunguza vuguvugu la Jamaa, lililoanzishwa na padri Placide Tempels huko Ruwe, karibu na Kolwezi. Kiswahili alichokikuta hakikuwamo vitabuni. Alichofanya, na ambacho kilikuja kuwa msingi wa kazi zake za baadaye, ni kurekodi, kuandika neno kwa neno kile kilichorekodiwa, na kukaa na wenye lugha kubishana juu ya kila mstari. Katika kitabu chake cha mwaka 1990, "Power and Performance", msomaji hukuta maandishi ya Kiswahili ya kikundi cha maigizo cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kuanzia majadiliano ya mwanzo hadi onyesho lenyewe. Igizo hilo la mwaka 1986 lilijengwa juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, na kitabu kizima chaweza kusomwa kama jaribio refu la kuelewa maana ya kitenzi kimoja, "kula".

Kabla yake, mwaka 1981, Walter Schicho wa Vienna pamoja na Mbayabo Ndala walikuwa wamechapisha kitabu kuhusu kikundi hichohicho. Mwaka uliofuata Schicho akatoa "Syntax des Swahili von Lubumbashi". Kitabu hicho cha pili kimeandikwa kwa Kijerumani. Haielekei kwamba kuna matini ya Kijerumani iliyo karibu zaidi na mambo aliyoyazoea mwanafunzi wa ukanda wa shaba kuliko sarufi ya lugha anayoisema nyumbani kwake, ingawa hakuna orodha ya vifaa vya kiwango cha kati inayokitaja. Ni kigumu, bila shaka. Kurasa chache zenye mifano anayoweza kuihakiki kwa sikio lake zingemfundisha istilahi za sarufi kwa Kijerumani kuliko mazoezi mengi ya kujaza nafasi, hasa pale atakapogundua kwamba mfano fulani yeye asingeusema hivyo.

Kinachofuata kutokana na hayo ni kwamba zile filamu za Kolwezi zenye sauti iliyofunikwa zisitupwe. Zibadilishiwe kazi. Hazifai kuwa mfano wa Kijerumani kinachosemwa, lakini zinafaa kuwa tafsiri za kuhakikiwa, na anayeweza kuzihakiki ni mwanafunzi huyu, si mwalimu wake wa Berlin. Aanze na sekunde mbili za mwanzo na zile za mwisho, aandike Kiswahili kinachosikika, asikilize chini ya sauti ya msomaji yale yanayosikika nusunusu, kisha aweke Kijerumani cha studio kando na kuandika cha kwake. Kwa kulinganisha, atazame pia filamu kama "Kolwezi on Air" ya Idriss Gabel ya mwaka 2016, inayowafuata waandishi wa televisheni ya RTMA ya mjini humo wakiwa kazini, ili akumbuke jinsi watu wa mji huo wanavyosikika wanapozungumza na wenzao badala ya kuzungumza na mgeni mwenye kamera.

Kazi hiyo huibua maswali ambayo kiwango cha kati huyahitaji. Katika sentensi ya mchimbaji iliyotajwa, "bale" si "andere" tu. "Andere" ni watu wengine wowote. "Bale" ni wale wanaojulikana, wanaoweza kuonyeshwa kwa kidole, na Kijerumani kina neno lake, "die", likitamkwa kwa mkazo. Na "banakulaka" je? "Bekommen" ni kupokea, na apokeaye hana hatia. Kijerumani kina "essen" kwa mlo wa binadamu na "fressen" kwa mlo wa mnyama, au wa mtu anayekula kama mnyama. "Aber das Geld, das fressen die." Mwanafunzi mmoja atasema kwamba hapo ndipo sauti ya mchimbaji ilipo. Mwingine atapinga, kwa kuwa katika Kiswahili cha Kolwezi mtu mwema naye hula fedha, hula mshahara wake, na neno lenyewe halina matusi. Mzigo wote, atasema, umebebwa na "njo".